Chura Anayengoja Mvua Chini ya Ardhi: Amana Tunayoikanyaga Rukwa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na kila kilichomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake.

Ndugu msomaji, katika makala yetu ya leo tutamwangalia kiumbe ambaye wengi wetu tunamjua kwa kelele zake tu. Waswahili wamemtolea methali kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, wakimaanisha kuwa ni mwenye kupiga makelele asiye na nguvu. Lakini je, umewahi kujiuliza chura huwa wapi wakati dimbwi limekauka, ng'ombe hana cha kunywa na hakuna kelele yoyote inayosikika?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa mkoa wa Rukwa. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko unaopita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Huko mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba mbingu hufunga. Juu ya uwanda baridi na upepo hukausha nyasi, na ukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Muze na Mtowisa unakutana na joto, vumbi na mbuga ambazo udongo wake mweusi umepasuka nyufa.

Hata Ziwa Rukwa lenyewe halina mipaka ya kudumu. Ni ziwa la kina kifupi, lenye maji ya magadi, wala hakuna mto unaotoka humo. Mwaka 1929 lilisinyaa likabaki na urefu wa kilometa zipatazo 48. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, lilikuwa limetanuka hadi urefu wa kilometa zipatazo 128 na upana wa kilometa 40. Ikiwa ziwa zima linaweza kupungua na kuongezeka kiasi hicho ndani ya muongo mmoja, kiumbe mwenye ngozi laini, asiyeweza kuishi bila unyevu, hupitishaje miezi sita ya ukame?

MAELEZO YA WATU WA KALE

Usiku wa mvua kubwa ya kwanza, vidimbwi ambavyo jana vilikuwa vumbi hujaa sauti. Vyura wanaonekana barabarani, uani, kwenye mifereji na hata mlangoni. Kwa kuwa hakuna aliyewaona wakija, watu wa mataifa mbalimbali walitafuta maelezo yao. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba vyura huyeyuka na kuwa tope, kisha wakarudi kuwa vyura majira yanapobadilika. Wengine walisema vyura huanguka pamoja na mvua kutoka mawinguni. Hadi leo si ajabu kumsikia mtu mzima akimweleza mtoto wake hivyo.

Ukweli ni kwamba vyura hao hawakuanguka wala hawakuyeyuka. Walikuwa pale pale, chini ya nyayo zetu. Mkulima alipita juu yao akienda shambani, ng'ombe walipita juu yao wakitafuta maji, na watoto walicheza mpira juu yao katika ule uwanja uliokuwa dimbwi mwezi Machi.

Na hapa ndipo tunapokumbuka yale yaliyoelezwa katika Surat Hud, aya ya 6, kwamba hakuna mnyama katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na Yeye anayajua makao yake na mahali pake pa kuhifadhiwa. Sisi tunaona dimbwi kavu. Mahali pa kuhifadhiwa kiumbe huyu pako kwenye giza la udongo, ambako jicho la mwanadamu halifiki.

WACHIMBAJI WA AINA MBALIMBALI

Wataalamu wa elimu ya viumbe wamewagawa vyura wanaojifukia katika makundi kadhaa, na Tanzania imejaaliwa kuwa nao wa namna nyingi. Mwaka 2006 Alan Channing na Kim Howell, huyu wa pili akiwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kitabu kizima juu ya vyura na jamaa zao wa Afrika Mashariki. Kwa makala hii watatu wanatosha.

Wa kwanza ni yule chura mnene, mwenye mdomo mpana, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Pyxicephalus edulis. Mjerumani Wilhelm Peters, aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840, ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1854. Chura huyu huchimba kwa kurudi nyuma. Katika kila mguu wa nyuma ana nundu ngumu yenye makali mithili ya jembe, na kwa kuitikisa miguu hiyo kulia na kushoto huzama taratibu hadi udongo unamfunika kichwa. Akitoka baada ya mvua huwa na njaa kali. Hula panzi, mende, vyura wenzake, na hata panya wadogo.

Wa pili ni yule mviringo kama mpira mdogo, mwenye uso bapa na miguu mifupi, anayejulikana kama chura wa mvua, wa jamii ya Breviceps. Huyu hahitaji dimbwi hata kwa ajili ya watoto wake. Miguu ya dume ni mifupi mno kumkumbatia jike, kwa hiyo ngozi zao hutoa ute unaowagandisha pamoja, kisha jike huchimba na kushuka naye ardhini. Mayai hutagwa ndani ya shimo lenye unyevu, na kinachotoka katika yai si kiluwiluwi bali ni chura mdogo aliyekamilika. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza aina mpya ya jamii hii kutoka nyanda za juu za Tanzania, jambo linaloonyesha kuwa hata katika zama zetu wako majirani ambao hatujawahi kuwapa jina.

Wa tatu ndiye tunayetaka kumzungumzia kwa kirefu, kwani mambo yake ni ya ajabu kuliko wenzake.

MAMA ANAYECHIMBA KWA PUA

Chura huyu huitwa Hemisus marmoratus. Ameenea katika nchi za nyasi na vichaka kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kuteremka hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo ndani ya eneo hilo. Jike halizidi sana sentimeta tano, na dume ni dogo zaidi. Ngozi yake ina madoadoa kama jiwe la marumaru, kichwa ni kidogo, na pua imechongoka na kuwa ngumu.

Wakati wachimbaji wengi hushuka kinyumenyume kwa miguu, huyu huingia kichwa mbele. Huinamisha pua, akaisukuma udongoni kama ncha ya mtaimbo, huku mikono yake yenye misuli ikiutupa udongo pembeni. Kwa dakika chache tu huwa ametoweka. Humo chini huendelea kutembea katika njia zake, akila mchwa na sisimizi.

Lakini uhodari wake mkubwa uko katika malezi. Msimu wa kuzaa unapofika, dume humshika jike kwa nyuma na jike humbeba mumewe likichimba hadi kutengeneza chumba kidogo ndani ya udongo wenye unyevu, kando ya mahali panapotarajiwa kujaa maji. Humo hutaga mayai, aghalabu yanayozidi mia moja. Dume likishamaliza kazi yake huondoka. Mama hubaki. Huyalalia mayai hayo katika giza, huku maji bado hayajafika.

Angalia mpangilio huu, ndugu msomaji. Mama huyu hutaga kabla ya dimbwi kujaa. Akitaga mapema mno, watoto watakosa maji. Akichelewa, samaki na wadudu wa majini watakuwa wamekwisha kutawala dimbwi. Mayai huanguliwa, na viluwiluwi hukaa ndani ya chumba kile wakingoja. Mvua inapoongezeka na maji kupanda hadi kwenye kiota, hutoka na kuogelea. Na kama maji hayakufika mlangoni, mama hafungi mikono. Utafiti uliofanywa katika Hifadhi ya Comoé huko Kodivaa na kuchapishwa mwaka 1999 ulieleza jinsi mama anavyochimba njia kutoka kiotani na kuwaongoza watoto hadi kwenye maji. Imewahi pia kuonekana viluwiluwi wakiwa wameng'ang'ania mgongoni mwa mama yao.

Malezi si ya kina mama peke yao. Jamaa wa yule chura mnene tuliyemtaja kwanza, anayeishi kusini mwa Afrika, anajulikana kwa ulinzi wa baba. Dimbwi dogo lenye viluwiluwi likianza kukauka kwa jua, dume huchimba mfereji kwa miguu yake ya nyuma hadi kwenye dimbwi kubwa, akawavusha watoto wake. Baba anayewaona watoto wakikaukiwa na kuendelea na shughuli zake ana la kujifunza kwa kiumbe huyu.

NGOZI INAYOKUNYWA

Sasa turudi kwenye swali letu: hupitishaje kiangazi?

Chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi. Hunywa kwa ngozi, hasa ile ya tumboni na mapajani. Akikaa juu ya udongo wenye unyevu, maji hupenya na kuingia mwilini. Kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya hewa anayohitaji. Kwa hiyo anapojifukia huchagua kina ambacho unyevu wa masika haujaisha.

Pamoja na hayo hubeba akiba. Kibofu chake cha mkojo, ambacho kwetu ni chombo cha uchafu, kwake ni mtungi. Vyura wachimbaji wa nchi kame sana wanaweza kuhifadhi kibofuni maji yanayofikia theluthi moja ya uzito wa miili yao au zaidi, na kuyarudisha mwilini kidogo kidogo. Huko Australia wenyeji wa asili wa jangwani wamekuwa tangu zamani wakiwachimbua vyura wa namna hiyo na kuwakamua ili wapate maji ya kunywa.

Kisha mwili hupunguza matumizi. Moyo hupiga polepole, chakula hakiliwi, misuli hutulia. Baadhi yao, wakiwemo wale wanene wa jamii ya Pyxicephalus, hujivisha joho: ngozi ya juu huambuka tabaka baada ya tabaka bila kudondoka, zikashikana na kuwa kama mfuko mkavu uliomzunguka mwili mzima isipokuwa matundu ya pua. Mfuko huo huzuia maji yasipotee. Mvua ikinyesha na udongo kulowa, chura huuchana, mara nyingi akaula, na kupanda juu.

Hapa inafaa tuwe waangalifu katika kutoa mazingatio. Qur'ani Tukufu, katika Surat Fussilat aya ya 39, imetupigia mfano wa ardhi iliyonyong'onyea, ambayo ikiteremshiwa maji hutikisika na kuumuka, na ikatukumbusha kwamba aliyeihuisha ardhi hiyo ndiye atakayewahuisha wafu. Mfano huo ni wa ardhi. Wako wanaoharakisha kusema kuwa chura naye hufa na kufufuka kila mwaka. Hapana. Chura hakufa. Aliyekufa kiangazini, kwa kukosa akiba au kwa kuchimbuliwa na jembe, hatoki mvua inaponyesha. Anayetoka ni yule aliyejiandaa wakati wa neema, akajaza mtungi wake masika, akateremka mapema na kutumia kwa kiasi. Kwa hiyo funzo lake kwetu ni la matayarisho na subira, na haihitaji kulitia chumvi ili liwe na maana.

NZIGE NA VYURA KATIKA ARDHI MOJA

Katika Surat Al-A'raf, aya ya 133, zimetajwa ishara alizopelekewa Firauni na watu wake: tufani, nzige, chawa, vyura na damu. Wakazi wa Rukwa wana sababu ya kuisoma aya hiyo kwa makini, kwani wawili kati ya hao ni wenyeji wa bonde lao.

Bonde la Rukwa ni miongoni mwa mazalia makuu ya nzige wekundu barani Afrika. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 nzige waliotokea huku na katika mbuga za Mweru wa Ntipa nchini Zambia walienea na kufunika sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki, kati na kusini, wakila kila cha kijani. Ndiyo maana mwaka 1949 nchi zilizohusika zilifunga mkataba na kuunda huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Ufipa.

Kwa miaka mingi silaha ilikuwa sumu inayonyunyizwa. Sumu haichagui. Inaua nzige, inaua nyuki, na inaingia katika madimbwi. Lakini mwaka 2009, nzige walipoanza kujikusanya tena katika Katavi, mbuga za Ziwa Rukwa na bonde la mto Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kufanyika kwa jambo jipya. Mbuga zilinyunyiziwa vimelea vya kuvu inayowashambulia nzige na panzi, bila kudhuru wanyama wengine. Karibu hekta 10,000 zilishughulikiwa, na janga likazuilika. Huo ni ushahidi kwamba mwanadamu akitaka anaweza kuliokoa shamba lake bila kuua kila kinachotambaa.

Hata hivyo hatari haikwisha. Rukwa ni mmoja wa mikoa minne iliyosifika kwa kulilisha taifa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, wadudu waliotoka bara la Amerika, waliripotiwa nchini, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuathirika. Mkulima anayeona mahindi yake yakitobolewa hatulaumu akitafuta dawa, kwani ana watoto wa kulisha. Tatizo ni pale mabomba ya kunyunyizia yanapooshwa kwenye kidimbwi, makopo matupu yakatupwa kwenye mfereji, na dawa za kuua magugu zikatumika bila kipimo.

Kumbuka kuwa chura hunywa kwa ngozi. Ile ngozi inayompa uhai ndiyo inayomfungulia mlango wa mauti. Hawezi kufunga mdomo akakataa, kwa sababu mwili wake wote ni mdomo. Sumu tunayoimwaga mwezi Desemba inapenya hadi kwa mama aliyelalia mayai yake kando ya dimbwi, naye hana pa kukimbilia.

SHARIA INASEMAJE?

Huenda msomaji akauliza: chura ni nani hata tumjadili ukurasa mzima? Jibu ni kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alimjadili. Imepokewa na Abu Daud na An-Nasai, kutoka kwa Abdurrahman bin Uthman, kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua.

Tuitazame hadithi hiyo vizuri. Aliyeuliza si mtoto anayetupa mawe kwa mchezo. Ni tabibu, mwenye kusudio la kutibu. Ikiwa mwenye haja ya dawa alikatazwa, vipi kuhusu anayemuua kwa kuwa tu anamchukia, au anayemmwagia chumvi ili amwone akirukaruka kwa maumivu?

Kutokana na katazo hilo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi yetu, walisema pia kuwa si halali kumla chura, na hivyo ndivyo walivyoona Hanafi na Hanbali. Imam Malik na wafuasi wake waliruhusu. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi amuulize sheikh wake. Tulichotaka kuonyesha ni kwamba jina la yule chura mnene kwa Kilatini, edulis, linamaanisha "anayelika", na sehemu nyingi za Afrika huchimbuliwa na kuliwa. Kwa Waislamu walio wengi suala hilo lilikwisha kujibiwa zamani.

Wanazuoni wetu wa kale hawakudharau elimu hii. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 3 Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria sawa na 1405 Miladia, alipanga wanyama kwa herufi na kwa kila mmoja akaeleza tabia yake na hukumu yake, chura akiwemo.

Na kuhusu maji, ni maarufu katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Mkojo wa mtu mmoja ni kitu kidogo ukilinganisha na sumu ya shamba. Mwenye akili atapima mwenyewe.

MFANO WA KIHANSI

Asije mtu akadhani kwamba vyura hawawezi kwisha kwa kuwa ni wengi. Nchi yetu imekwisha kuona. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimeta tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Hakuwahi kuonekana mahali pengine popote duniani. Aliishi kwa rasharasha za maporomoko ya maji.

Mwaka 2000 mradi wa umeme ulielekeza sehemu kubwa ya maji hayo kwenye mitambo, na rasharasha zikapungua. Wataalamu waliweka mabomba ya kunyunyizia maji, na mwaka huo huo vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Idadi korongoni iliongezeka tena, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kuvu ya ngozi, ambao umeangamiza vyura katika mabara mengi, ulikutwa korongoni. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Alibaki kwenye vyumba vya vioo katika miji ya New York na Toledo. Vizazi vyao vilianza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakarudishwa Kihansi.

Umeme ulihitajika, na hakuna anayebisha. Lakini tujiulize gharama ya kumrudisha kiumbe mmoja ilikuwa kiasi gani, na je, wangapi walitoweka bila hata kujulikana majina? Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kuwa takribani asilimia 41 ya aina zote za vyura na jamaa zao duniani ziko katika hatari ya kutoweka. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lenye hali mbaya kiasi hicho.

Chura wetu mwenye pua ngumu hajafikia hapo. Bado yupo, bado ni wengi. Ndiyo maana huu ndio wakati wa kusema, kwani kumhifadhi aliyepo ni kazi nyepesi kuliko kumtafuta aliyekwisha ondoka.

WAJIBU WA FAMILIA

Kwanza, tuwafundishe watoto. Mtoto anayezoea kumpiga mawe kiumbe asiyeweza kujitetea anajifunza jambo ambalo kesho atamfanyia mwanadamu. Mzazi amweleze hadithi ya yule tabibu, kisha ampeleke kando ya dimbwi jioni asikilize. Chura mwenye pua ngumu huimba kwa sauti ndefu nyembamba kama ya mdudu, na mtoto atakayeitambua hatamsahau.

Pili, mkulima anayeandaa shamba, hasa anayefukia nyasi katika matuta ya mviringo kama ilivyo desturi ya miaka mingi Ufipa, akimchimbua chura asimtupe juani. Jua la saa moja linaweza kumaliza akiba ya miezi. Amrudishe kwenye udongo wenye unyevu, amfunike na kuendelea na kazi.

Tatu, bomba la dawa lioshwe mbali na dimbwi na kisima, na makopo yasitupwe majini. Jambo hili ni kwa faida yetu sisi kabla ya chura, kwani maji hayo ndiyo tunayochota na ndiyo wanayokunywa ng'ombe.

Nne, tuache ukanda wa nyasi kando ya vidimbwi bila kulima wala kuchoma moto. Hapo ndipo kilipo chumba cha yule mama. Hatua kumi za ardhi hazimfanyi mtu kuwa maskini.

Tano, wenye kujenga barabara, masoko na viwanja katika mji wetu unaokua wakumbuke kuwa uwanda unaoonekana mtupu mwezi Septemba si mtupu. Kabla ya kumwaga kifusi juu ya mbuga inayotuama maji, ni vema kuuliza maji hayo yatakwenda wapi, na nani alikuwa akiyangoja.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Surat Al-An'am, aya ya 38, kwamba hakuna mnyama atembeaye ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila ni umma mfano wetu. Umma huu wa chini ya ardhi hauna msemaji. Hauna kura wala ofisi ya kupeleka malalamiko. Umepewa sauti kwa majuma machache tu ya mwaka, mvua inaponyesha, na sisi tumeizoea sauti hiyo hadi tunaiita kelele.

Mvua za Novemba zitakapoanza na usiku ukajaa sauti hizo, mwenye kukereka akumbuke kwamba hao wamefunga miezi sita kwa mtungi mmoja wa maji. Na ukija mwaka ambao mvua imenyesha, madimbwi yamejaa, na hakuna sauti, hapo ndipo itakapotubidi tuwe na wasiwasi juu ya maji tunayowanywesha watoto wetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa ardhi aliyotukabidhi. Wabillahi tawfiq.